Seve Ballesteros: Kedi aliyenyimwa uwanja akaja kuwa bingwa wa gofu duniani

MAPEMA mwaka wa 1978, kijana Mhispania aliyekuwa hajatimiza umri wa miaka 21 alishiriki mashindano ya gofu ya Kenya Open katika uwanja wa Muthaiga, jijini Nairobi. Enzi hizo mashindano hayo, yaliyoanza mwaka wa 1967, yalikuwa katika msururu uliojulikana kama Safari, ambapo wanagofu wa kulipwa kutoka Uingereza na kwingineko waliikimbia baridi ya Ulaya wakaja kusaka riziki katika mataifa kama Nigeria, Zambia na Kenya. Kijana huyo alitwaa ubingwa, akaenda zake. Mwaka uliofuata alishinda British Open, na kufikia 1980 hapakuwa na mpenzi wa gofu asiyemjua Severiano Ballesteros, ambaye ulimwengu ulizoea kumwita Seve.

Waliombebea mifuko wachezaji pale Muthaiga huenda hawakujua kwamba mgeni huyo alikuwa mwenzao. Seve alianza maisha ya gofu akiwa kedi, yaani kijana anayebeba mfuko wa fimbo za mchezaji kwa malipo. Tena alikuwa kedi katika klabu ambayo haikumruhusu kucheza.

Alizaliwa Aprili 9, 1957 katika kijiji cha Pedreña, ng'ambo ya ghuba ya mji wa Santander, kaskazini mwa Uhispania. Baba yake, Baldomero, alikuwa mkulima mdogo na mfugaji wa ng'ombe. Shamba lao lilipakana na uwanja wa gofu wa Pedreña, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya mabwanyenye wa Santander na watu wa jamaa ya kifalme. Wanakijiji hawakuwa wanachama. Wao walikata nyasi, walihudumu jikoni na kubeba mifuko.

Waswahili husema mwana wa muhunzi asiposana huvukuta. Katika nyumba ya akina Ballesteros gofu ilikuwa kama uhunzi. Mjomba wake Seve, Ramón Sota, alitoka katika ubebaji mifuko akawa mchezaji hodari wa kulipwa, na mwaka wa 1965 alimaliza katika nafasi ya sita kwenye mashindano ya Masters kule Augusta, Marekani. Kaka zake watatu, Baldomero, Manuel na Vicente, nao pia waliingia katika gofu ya kulipwa. Seve alikuwa kitinda mimba, akikua huku akisikiza hadithi za fimbo na mipira kila jioni.

Kusikiza hadithi ni jambo moja na kucheza ni jingine. Makedi wa Pedreña waliruhusiwa kuucheza uwanja rasmi siku ya mashindano yao ya kila mwaka tu. Siku nyingine zote kedi aliyepatikana akicheza alijitafutia matata. Fimbo nazo zilikuwa ghali. Hivyo basi Seve alianza kwa kichwa cha fimbo kilichotupwa, akakichomekea mti aliouchonga mwenyewe, na mahali pa mpira akatumia kokoto za ufuoni.

Alipokuwa na umri wa takriban miaka minane, kaka yake Manuel alimpa fimbo halisi, ile ya chuma nambari 3. Hapa hatuna budi kueleza kidogo, kwa sababu siri ya mchezo wake wote imo katika fimbo hiyo moja.

Mwanagofu huruhusiwa kubeba fimbo 14. Kila moja ina kazi yake. Zipo za kupeleka mpira mbali, zipo za kuuinua juu upesi ili uanguke karibu na shimo, na ipo ya kuusukuma taratibu kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera. Kinachozitofautisha hasa ni urefu wa mpini na jinsi uso wa fimbo ulivyolala. Uso wa nambari 3 umelala kidogo tu. Huupiga mpira ukaenda chini chini, mbali, na ni adha kubwa kuutumia ndani ya mchanga au kwenye mikwaju mifupi inayohitaji ulaini. Mchezaji wa kawaida akiwa mita 20 kutoka kwenye grini hawezi hata kuifikiria fimbo hiyo.

Seve hakuwa na nyingine. Akiwa ufuoni, maji ya bahari yanapokupwa, alichimba vishimo mchangani na kujifunza kuulaza zaidi uso wa fimbo ile ili mpira upae, kuugeuza ili upinde kushoto, kuukata ili upinde kulia, kuufinya ili uruke kidogo halafu ubiringike. Alijifundisha kufanya kwa fimbo moja kazi za fimbo 14. Usiku wa mbalamwezi alijipenyeza uwanjani kwa siri, na kwa kuwa hakuuona mpira ulikoangukia, alijifunza kuutambua kwa mlio wake na kwa mtetemo alioupata mikononi. Huu ndio ufundi ambao baadaye watangazaji wa runinga waliuita muujiza, ilhali ulizaliwa na ukata pamoja na katazo la klabu.

Akiwa na umri wa miaka 12 alishinda mashindano ya makedi ya Pedreña. Shule haikumvutia, aliiacha mapema, na Machi 1974, kabla hajatimiza miaka 17, akawa mchezaji wa kulipwa.

Miaka miwili baadaye, Julai 1976, British Open ilichezewa Royal Birkdale, Uingereza, katika kiangazi kikali. Seve alikuwa na umri wa miaka 19, hakijui Kiingereza ila maneno machache, na aliongoza mashindano kwa siku tatu. Siku ya nne alizidiwa na Mmarekani Johnny Miller, akamaliza wa pili sambamba na Jack Nicklaus, mwanagofu mkuu wa zama hizo. Lakini kilichokumbukwa na wengi ni mkwaju wake katika shimo la 18. Mpira ulikuwa kando ya grini na mbele yake palikuwa na mitego miwili ya mchanga. Wengine wangeuinua mpira juu ya mitego. Seve aliubiringisha katikati ya mitego hiyo, kwenye kijia chembamba cha nyasi kavu, ukasimama karibu na shimo. Mkwaju huo aliujua tangu ufuoni.

Mwaka huo alitwaa Dutch Open, akaongoza orodha ya mapato ya wachezaji wa Ulaya, na kuongoza tena 1977 na 1978. Ubingwa wake wa Muthaiga uliangukia katika kipindi hiki. Aprili 1978 alishinda pia Greensboro, Marekani, katika jaribio lake miongoni mwa wachezaji wa ziara ya nchi hiyo.

Taji lake kuu la kwanza lilikuja Julai 1979 katika uwanja wa Royal Lytham. Siku ya mwisho alikuwa akipiga mikwaju ya kwanza huku na huko kama mtu anayefukuza nyuki, na katika shimo la 16 mpira wake ulitua kwenye eneo lililotengewa magari ya muda, chini ya gari. Kanuni ilimruhusu kuuondoa hapo bila adhabu. Kutoka kwenye nyasi zilizokanyagwa na magurudumu aliupiga hadi kwenye grini, akautia shimoni, mkwaju mmoja chini ya kiwango cha shimo hilo. Akawashinda Nicklaus na Ben Crenshaw kwa mikwaju mitatu. Tangu Mfaransa Arnaud Massy aliposhinda mwaka wa 1907, hapakuwa na mchezaji wa Ulaya bara aliyelitwaa kombe hilo.

Kuna Wamarekani waliomdhihaki kwa jina la bingwa wa maegesho ya magari. Dhihaka hiyo ilimuuma, na sioni ajabu. Mtu aliyelelewa kando ya ua wa klabu husikia haraka sana sauti ya mwenye nyumba anapomwambia kwamba ameingia kwa bahati. Aprili 1980 alijibu. Kwenye Masters aliongoza kwa mikwaju 10 yakiwa yamesalia mashimo tisa, akatetereka, mpira ukaingia majini zaidi ya mara moja, kisha akajikusanya na kushinda kwa mikwaju minne. Alikuwa Mzungu wa kwanza kutoka Ulaya kulivaa koti la kijani la Augusta, na mchezaji mdogo zaidi kufanya hivyo hadi Tiger Woods alipoivunja rekodi hiyo mwaka wa 1997. Alilivaa tena 1983.

Kiburi kilichomjenga kilimgombanisha na wakubwa pia. Mwaka wa 1981 alizozana na viongozi wa ziara ya Ulaya kuhusu ada ya kushiriki mashindano. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa waandaaji wanawalipa mabingwa wa Marekani wafike tu uwanjani, mbona yeye, bingwa wa Masters na British Open, asilipwe? Viongozi wakakasirika, na kamati ya uteuzi ikamwacha nje ya kikosi cha Ryder Cup mwaka huo. Marekani ikaibomoa Ulaya kwa pointi 18.5 dhidi ya 9.5.

Ryder Cup huchezwa kila baada ya miaka miwili. Awali Marekani ilikabiliana na Uingereza pamoja na Ireland, na ilishinda karibu kila mara hadi watu wakachoka kutazama. Mwaka wa 1979 milango ilifunguliwa kwa Ulaya bara, na Seve na mwenzake Antonio Garrido wakawa wa kwanza kutoka huko. Aliyemrejesha kikosini mwaka wa 1983 ni nahodha Tony Jacklin, ambaye alimwendea mwenyewe na kumsihi.

Ulaya ilishindwa kule Florida mwaka huo kwa pointi moja pekee. Wachezaji waliingia chumbani vichwa vikiwa vimeinama. Wenzake wamesimulia jinsi Seve alivyozunguka akiwakaripia: kuikaribia Marekani kiasi hicho nyumbani kwake, aliwaambia, ni ushindi, na inafaa kusherehekewa. Siku hiyo hiyo, akiwa amenaswa ndani ya mtego wa mchanga katika shimo la mwisho dhidi ya Fuzzy Zoeller, alitoa fimbo nambari 3 ya mti, ile ya masafa marefu, akaupeleka mpira zaidi ya mita 200 hadi ukingoni mwa grini. Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka wa 1985 Ulaya ilitwaa kombe lililokuwa mikononi mwa Marekani kwa miongo mitatu kasoro, na mwaka wa 1987 ikashinda kwenye ardhi ya Marekani kwa mara ya kwanza. Seve na Mhispania mwenzake José María Olazábal walicheza pamoja mara 15 katika kombe hilo, wakashinda 11, wakatoka sare mbili na kushindwa mbili tu. Mwaka wa 1997 Ryder Cup ilipopelekwa Uhispania, katika uwanja wa Valderrama, Seve alikuwa nahodha, akirukaruka kwa kigari kutoka shimo hadi shimo kuwaelekeza wachezaji mikwaju ambayo hawakuwa wamemwomba. Ulaya ilishinda.

Akiulizwa siku iliyomfurahisha kuliko zote, alirejea St Andrews, Scotland, Julai 1984. Alikuwa akichuana na Tom Watson, aliyekuwa ameshinda British Open mara tano. Katika shimo la 18 mpira wa Seve ulielekea ukingoni mwa shimo, ukasita, kisha ukadumbukia. Alikunja ngumi na kuipunga hewani mara kadhaa akiuelekea umati, uso ukimeremeta. Picha hiyo ndiyo iliyokuja kuwa nembo yake.

Machungu nayo hayakukosa. Mwaka wa 1986 wasimamizi wa ziara ya Marekani walimfungia kwa kutotimiza idadi ya mashindano waliyomtaka acheze, na Machi mwaka huo baba yake akafariki. Mwezi uliofuata alikwenda Augusta, na siku ya mwisho alikuwa akiongoza alipofika katika shimo la 15. Akiwa na fimbo nambari 4 mkononi, alisita kati ya kuipiga kwa nguvu na kuipiga kwa ulaini. Mpira ukaanguka majini. Nicklaus, akiwa na umri wa miaka 46, akatwaa taji. Mwaka uliofuata Seve aliingia katika mchujano wa kuamua bingwa wa Masters, akabanduliwa katika shimo la kwanza, na akaupanda mlima wa kurejea klabuni akilia.

Alikuwa na jibu moja kuu lililosalia. Mwaka wa 1988 British Open ilirejea Royal Lytham, pale pale pa maegesho ya magari. Mvua ilisogeza raundi ya mwisho hadi Jumatatu. Nick Price wa Zimbabwe alicheza kwa mikwaju 69, alama ambayo siku nyingi ingetosha. Seve alicheza 65, safari hii akitumia njia iliyonyooka, na akashinda kwa mikwaju miwili. Lilikuwa taji lake kuu la tano, na la mwisho. Mwaka uo huo alifunga ndoa na Carmen Botín, binti wa familia ya mabenki ya Santander, mojawapo ya familia zilizokuwa na uanachama katika klabu alikobeba mifuko. Walijaliwa watoto watatu kabla ya kuachana miaka 16 baadaye.

Mgongo ulikuwa ukimsumbua tangu ujana, na katika miaka ya 1990 ulimshinda. Alibadilisha mapigo, akawasikiza walimu wengi, na huenda hapo ndipo alipokosea, kwa kuwa mtu aliyejifundisha kwa kusikia mlio wa mpira gizani si rahisi kumrekebisha kwa michoro. Lakini mikono haikusahau. Septemba 1993 kule Crans-sur-Sierre, Uswisi, mpira wake ulitua nyuma ya ukuta mrefu wa saruji katika shimo la 18, miti ikiwa juu yake na bwawa la kuogelea upande wa pili. Kedi wake Billy Foster alimsihi aurudishe tu mpira uwanjani. Seve aliona mwanya kati ya kichwa cha ukuta na matawi. Aliupitisha mpira humo, ukavuka bwawa, ukatua karibu na grini, na kutoka hapo akaupiga ukaingia shimoni moja kwa moja. Alimaliza wa pili, mkwaju mmoja nyuma ya mshindi Barry Lane. Leo kuna kibao cha ukumbusho mahali pale, jambo ambalo si kawaida kufanyiwa mtu aliyeshindwa.

Ushindi wake wa mwisho ulikuwa Spanish Open ya 1995, uliofikisha mataji yake katika ziara ya Ulaya kuwa 50, rekodi ambayo haijafikiwa. Kisha ikafuata miaka ya kukosa kufuzu kwa raundi za mwisho, wiki baada ya wiki, mbele ya umati uliokuja kumtazama tu. Mwaka wa 2006 alicheza British Open yake ya mwisho, mwanawe Javier akimbebea mfuko. Julai 2007, huko Carnoustie, alitangaza kustaafu.

Oktoba 2008 alizirai katika uwanja wa ndege wa Madrid. Madaktari walimpata na uvimbe katika ubongo, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa pamoja na matibabu ya saratani. Mwaka uliofuata alianzisha wakfu wa kusaidia utafiti wa maradhi hayo. Alifariki Mei 7, 2011 nyumbani Pedreña, akiwa na umri wa miaka 54.

Hapa Kenya, Mwafrika kwa miaka mingi aliingia viwanja vya gofu akiwa mbeba mifuko, na wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walijifunza mchezo huo mabegani kabla ya mikononi. Kenya Open iliingizwa katika ziara kuu ya Ulaya mwaka wa 2019, ile ile ambayo Seve aliijenga kwa mataji yake, na jina lake limo katika orodha ya mabingwa, kwenye mstari wa mwaka wa 1978. Klabu zinazowatengea makedi siku za kucheza, badala ya kuwaachia ile moja kwa mwaka, zina sababu ya kuutazama mstari huo.

Septemba 2012 Ryder Cup ilichezewa Medinah, karibu na Chicago. Nahodha wa Ulaya alikuwa Olazábal. Wakiwa nyuma kwa pointi 10 kwa 6 kuelekea siku ya mwisho, wachezaji wake walivaa rangi ya buluu nzito na nyeupe, mavazi ambayo Seve alipenda kuyavaa Jumapili, huku kivuli chake cha St Andrews kikiwa kimeshonwa kwenye nguo. Walishinda kwa pointi 14.5 dhidi ya 13.5, na Olazábal akabubujikwa na machozi mbele ya kamera. Mwaka wa 2015 uwanja wa ndege wa Santander, ambao wageni wengi wa klabu ya Pedreña hushukia, ulipewa jina la Seve Ballesteros.